Springi za Mgonjwa

Gari la baba lina nguvu. Ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa Mgwashi atakuambia ukilitaja, na ni kweli, na halikutusaidia kitu.

Ni pikapu ya zamani ya silinda sita, pua ndefu, taa za mviringo, bodi ya chuma kizito ambacho siku hizi hakitengenezwi tena. Baba aliipata kwenye mnada wa vitu chakavu vya shamba moja la chai kabla sijazaliwa. Likipakiwa matenga ya kabichi mpaka yapite paa, gari lile linapanda kutoka mtoni bila kushushwa gia, na baba anayeendesha anakohoa kidogo tu, kama mtu asiyetaka kujisifu. Aliwahi kuja bwana mmoja kutoka Arusha, anakusanya magari ya kale, akataka kulinunua alipake rangi ya machungwa na kulipeleka kwenye maonyesho. Baba alimkaribisha chai, akamsikiliza vizuri, kisha akamwuliza kwenye maonyesho hayo gari linabeba nini. Yule bwana akasema halibebi kitu, linatazamwa. Baba alimwonea huruma. Alimpa na mapeasi ya njiani.

Nilirudi nyumbani na shahada yangu baada ya kuchoka kuomba kazi kwa watu wasiojibu. Nilimkuta mama anatembea ameshika ukuta. Uvimbe aliotolewa kwenye titi nikiwa chuoni ulikuwa umerudi, safari hii umeingia kwenye mifupa ya mgongo. Daktari wa hospitali kubwa, huko chini tambarare, alituambia hawezi kuuondoa. Alichoweza ni kuupiga mionzi ili maumivu yapungue na miguu isife. Kwa hiyo mama alitakiwa ashuke kila anapopangiwa, bila kukosa. Akikosa, atalala na hatainuka.

Nilipenda jinsi daktari yule alivyosema bila kuzungukazunguka. Nilimchukia pia, kwa sababu hakuwahi kuiona barabara yetu.

Kutoka Soni kwenda Mombo kuna lami, na kutoka Mombo kuna mabasi makubwa yanayoteleza kama yako juu ya maji. Tatizo ni kutoka kwetu hadi Soni. Ni udongo mwekundu, na mvua ikishaondoa udongo yanabaki mawe, na mawe yakishaondolewa na greda linabaki shimo. Mara ya kwanza tulikodi gari dogo la mtu, laini, lenye viti vya manyoya. Lilikwama tumbo kwenye mteremko wa kwanza. Mama alishuka akautembea mteremko wote ameniegemea begani, na kila hatua alitoa pumzi fupi kama mtu anayepuliza moto. Baada ya hapo baba alisema mke wake atashuka kwa gari lake.

Sasa, gari la baba linaruka. Chini yake, nyuma na mbele, kuna springi za vyuma bapa virefu vilivyolaliana, na kila chuma mafundi wanakiita jani. Kwetu kila mwenye gari la mzigo anaongeza jani. Gari likitoka tu mikononi mwa Mhindi au mnadani, kabla hata ya kupewa baraka na mchungaji, linapelekwa kwa fundi likaongezwe jani, na mwaka unaofuata lingine. Hakuna anayeuliza kwa nini. Barabara mbaya, mzigo mzito, ongeza jani. Gari la baba lilikuwa limeongezwa mara nyingi kiasi kwamba likiwa tupu lilitembea kama meza.

Nilianza kusoma. Mtandao kwetu unashika vizuri juu ya zizi la ng'ombe, kwenye jiwe, basi nilikaa pale mchana na simu yangu. Nilikuta kurasa za watu wa Marekani wanaofunga springi mpya kwenye magari yao ya kale yenye injini kubwa. Wanabishana kwa hasira ambayo sisi tunaiweka kwa ajili ya mipaka ya mashamba. Huyu anataka gari likate kona bila kuinama, yule anataka liinuke mbele litishe, mwingine anataka liwe kama lilivyotoka kiwandani babu yake akiwa kijana. Nilikuwa nawacheka, lakini niliendelea kuwasoma, kwa sababu wote walikubaliana kwamba kabla ya kununua chochote ujiulize unataka gari lako lifanye nini. Nilijiuliza. Nilitaka lipite juu ya jiwe na aliyekaa ndani asijue.

"Unasoma nini huko juu?" baba aliniuliza akiwa amebeba majani ya ng'ombe.

"Springi."

"Chuo kizima, umeishia springi."

"Baba, gari lako ni gumu."

"Gari langu ni imara."

"Kwa kabichi ni imara. Kwa mama ni gumu."

"Kabichi hizo hizo ndizo zilizokusomesha, usizitukane." Aliweka mzigo chini, akajifuta shingo. Aliangalia dirisha la chumba alimolala mama. "Laini kiasi gani?" akauliza.

Tulishuka Korogwe kutafuta spea. Muuzaji alikuwa kijana aliyevaa kofia ya sufu katika joto lile, na baada ya kumwamkia baba alituuliza tunataka springi za mzigo au za mzigo mzito.

"Za mgonjwa," nikasema.

"Za mgonjwa!" Akageukia stoo. "Oya, njoo usikie! Za wagonjwa zimeingia?"

"Za wagonjwa zimeisha," sauti ikajibu kutoka ndani, "zimebaki za marehemu!" Kisha mwenye sauti akatokea mlangoni, akauona uso wa baba, akashika kichwa. "Samahani mzee. Sisi huku tunataniana tu."

"Taniana," baba akasema. "Ni mke wangu. Mgongo."

Utani uliisha. Springi nyepesi za gari lile hazikuwepo Korogwe wala popote walipopiga simu, wakatushauri tumwombe fundi wetu apunguze majani. Lakini walitushushia shokapu kutoka rafu za juu kabisa, wakazipanga sakafuni. Shokapu ndiyo inayoizuia springi isiendelee kuruka baada ya kupita kwenye shimo, na iliyo ngumu mno nayo inarudisha pigo lote kwa aliyekaa. Baba alizikandamiza moja moja kwa kiganja, amefumba macho, kama anayechagua parachichi. Za gesi zilimsukuma mkono. Za mafuta zilishuka polepole zikabaki hukohuko.

"Hii inabisha," alisema. "Hii inasikia."

"Tutajuaje kama ni orijino?" nikamwuliza muuzaji.

"Imeandikwa."

"Hata feki inaandikwa."

"Dada, umesomea upolisi?"

"Bora angesomea upolisi," baba akasema, "angekuwa na kazi."

Tulichukua za mafuta, za gari jepesi kuliko letu lakini zenye matundu yanayolingana. Kwenye bushi, yale mapete yanayokaa ncha za springi, tulibishana. Mimi nilitaka za mpira kwa sababu zinameza mtikisiko. Baba alishika zile ngumu za plastiki nyekundu.

"Hizi zinadumu," alisema.

Nilitaka kumwuliza zidumu mpaka lini. Aliona kwamba nataka kumwuliza. Akazirudisha, akachukua za mpira.

Fundi wetu ana gereji Soni, kwenye mteremko, chini ya mikaratusi. Ni mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza: atoe majani yote yaliyoongezwa, afunge shokapu hizi na bushi hizi, asiongeze kitu. Aliniacha nimalize, halafu akamgeukia baba kama vile mimi nilikuwa redio.

"Mzee, binti anasema nipunguze."

"Punguza."

"Tangu nishike spana sijawahi kupunguza jani kwenye gari la mlimani. Hata la mchungaji sikupunguza, na yeye hubeba Biblia tu."

"Na matumbo ya wazee wa kanisa," baba akasema.

"Hayo ndiyo yaliyonifanya niongeze." Wakacheka. Kisha fundi akauliza kwa sauti yake ndogo mama anaendeleaje, na baba akasema anaendelea, neno ambalo kwetu linaweza kuwa na maana yoyote. Fundi alitikisa kichwa muda mrefu. Mke wake alipojifungua mtoto wao wa kwanza hawakuwa na ndugu karibu, na mama ndiye aliyekwenda kumkalia arobaini nzima, akampikia uji na kufua nepi, Mlutheri katika nyumba ya Waislamu, akitoka uani kila wanaume walipokuja kusoma dua. Fundi hakulisahau hilo, na mimi ningepaswa kulitia kwenye hesabu zangu. Lakini nilikuwa nahesabu vyuma tu.

Tuliporudi kulichukua gari, fundi alikuwa ameketi juu ya tairi anatusubiri kama bwana harusi. Majani yaliyoongezwa zamani yalikuwa yamelazwa ukutani, yametolewa kweli. Shokapu zilikuwa mahali pake. Lakini kila upande wa gari kulikuwa na jani moja jipya, nene, refu, jeusi, linang'aa kwa grisi.

"Hili?" nikauliza.

"Hili ni langu. Nimelikata kwenye springi ya lori, nikalipinda mwenyewe kwa moto. Silitozi. Ni la mama." Alimgeukia baba. "Mzee, springi nyonge ikiingia shimoni inafika mwisho, inagonga. Kule kugonga ndiko kunamvunja mgonjwa. Kwa hili, gari haligongi milele."

Hoja yake haikuwa ya kijinga, na hilo liliniudhi zaidi. Nilikwenda nyuma ya gari, nikapanda juu ya bampa na kurukaruka kwa uzito wangu wote. Gari halikunijibu.

"Baba, mwambie alitoe."

Baba aliniambia kwa Kishambaa ninyamaze. Baba akihamia Kishambaa mbele ya watu, mjadala umefungwa. Alimshika fundi mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, na fundi akawa anatazama chini kwa haya.

Njiani nililipuka. Nilimwuliza kama anajua alichokifanya. Alisema anajua. Kwetu kitu kilicholetwa kwa ajili ya mgonjwa hakirudishwi mgonjwa akiwa bado kitandani. Uji utanywewa hata kama umechacha, kuku atachinjwa hata kama hana nyama. Ukirudisha, umesema mgonjwa hatavihitaji tena.

"Nani alisema hivyo?" nikauliza. "Imeandikwa wapi?"

"Hakuna aliyesema," baba akajibu. "Ndiyo maana hakuna wa kumbishia."

Safari ya kwanza kushuka na jani lile, gari lilikuwa na kabichi na karoti za majirani, kwa sababu hakuna gari linaloondoka kwetu tupu wakati wa mavuno. Tulimkalisha mama mbele juu ya kipande cha godoro. Nilikaa katikati, nikiutazama uso wake kila tulipokaribia jiwe. Na ajabu, lilikuwa afadhali. Mzigo ulikuwa umelikalia lile jani nene na kulikunja, na gari likawa linayumba badala ya kuruka. Mama alitazama nje. Alinionyesha shamba la dada yake. Nilianza kufikiri labda mimi ndiye nisiyejua kitu.

Tulirudi siku ile ile ya kuruhusiwa kwake, gari tupu. Sitaki kuieleza njia yote. Alikuwa ameweka upindo wa khanga mdomoni, na tulipofika karibu na Bumbuli ulikuwa umelowa. Baba aliendesha taratibu mpaka pikipiki zilizobeba magunia zikatupita zikipiga honi. Alitembeza tairi upande wa ukingo, upande wa katikati, akikitafuta kile kijia chembamba kisicho na shimo. Jasho lilimtoka kana kwamba analisukuma gari.

Kabla ya hapo, Soni, fundi alikuwa amesimama kando ya barabara. Nadhani alikuwa ametusubiri tangu asubuhi. Alilikimbilia dirisha la mama.

"Shikamoo mama! Vipi jani?"

"Marahaba mwanangu." Mama alitoa mkono nje, akamshika. "Mungu akubariki. Kama niko kitandani."

Fundi alipiga makofi mara moja, akageuka kuwatazama vijana wa gereji kuona kama wamesikia.

Tulipompita nilimwuliza mama kwa nini amedanganya.

"Sikudanganya," alisema. "Kitandani pia naumia."

Safari iliyofuata wanakwaya wenzake mama walishika suala hilo wenyewe. Nilikuwa nimewaeleza mambo ya mzigo na springi, nikachora hata kwa kijiti kwenye udongo mbele ya kanisa, na mwenyekiti wao, mama mnene mcheshi anayeimba sauti ya pili, alinikatiza.

"Kwa hiyo unataka uzito tu wakati wa kupanda?"

"Ndiyo. Nilifikiria mchanga."

"Mchanga wa nini, na sisi tupo? Mimi peke yangu magunia mawili. Huyu hapa," akamgonga mwenzake, "gunia na debe. Huyu mwembamba tutamwacha, hana faida kwa Bwana."

"Nami naenda," yule mwembamba akasema. "Nitabeba jiwe."

Walishuka Mombo siku mama anarudi, wamevaa sare zao za kitenge, wakapanda nyuma ya pikapu na kukaa juu ya mikeka. Walibishana kwa makelele nani akae juu ya ekseli. Wakaimba kuanzia Soni. Wakati wowote gari lilipoinama walipiga kelele, "Kalieni, kalieni!", na wote wakajikandamiza chini kana kwamba wanakaa juu ya mdomo wa pipa. Mama alicheka, kisha akaniomba niwaambie wasimchekeshe, kwa sababu kucheka kulimuuma kuliko mashimo.

Gari lilikuwa laini zaidi. Nililipima kwa uso wake, kipimo pekee nilichokuwa nacho, na nilikuwa na uhakika. Lakini tulipofika nyumbani hakuweza kushuka. Baba alimbeba. Wanakwaya waliacha kuimba, wakabaki nyuma ya gari wameshika mikono, na baadaye walikuja jikoni wakapika. Ugonjwa wenyewe ulikuwa unakwenda, sisi tulikuwa tunashughulika na barabara. Nilielewa hivyo nikiwa nimesimama na sufuria mkononi. Sikumwambia mtu.

Siku ya miadi iliyofuata baba aliwasha gari mapema lipate moto. Kabichi za watu zilikuwa tayari nyuma. Niliingia chumbani nikamkuta mama amelala vilevile, hajavaa.

"Mwambie baba yako aende. Kabichi za watu zisioze. Mimi sishuki."

Nilimkumbusha maneno ya daktari. Nilimweleza kuhusu neva, kuhusu mionzi, kuhusu miguu. Nilizungumza vizuri, nadhani, kama nilivyokuwa nikizungumza kwenye midahalo ya chuo.

"Wewe unahoji kila kitu," alisema. "Hoji na hili. Hospitali inanipunguzia, njia inaniongezea. Toa, uone kinachobaki."

Nje baba alipiga honi mara moja, taratibu, jinsi anavyomwita mama kila siku ya safari. Kisha alikuja mlangoni, akatutazama, akaelewa. Akaenda na kabichi.

Ganzi ilianzia vidoleni, kama daktari alivyosema. Ikapanda. Mama alinieleza ilipofika kila asubuhi, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza maji ya mto yamefika wapi.

Fundi alikuja kumjulia hali mchana mmoja wa mvua nyembamba, amebeba sukari na majani ya chai. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, mikono yake mikubwa juu ya magoti. Walizungumza habari za watoto wake. Kisha akauliza, kama nilivyojua atauliza, jani linaendeleaje.

"Halisikiki hata kidogo," mama akasema. "Ningekuwa na nguvu ningekwenda nalo mpaka Tanga."

Nilimsindikiza hadi kwenye gari la baba, alipotaka kulitazama. Alilipapasa jani lake kwa chini. Alikuwa anatabasamu. Nilifikiria kumwacha hivyo. Nilifikiria pia kwamba kesho ataingiza jani lingine kama hilo kwenye gari la mgonjwa mwingine, na watu wote watamshukuru, na hakuna atakayejua kamwe, na hivyo ndivyo kila kitu kwetu kinavyokwenda, kwa shukrani. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu upindo wa khanga, kuhusu kwaya, kuhusu safari aliyoikataa mama. Sikumwambia kwamba ugonjwa ungemlaza hata kwa springi za manyoya. Kwa nini sikuliongeza hilo, sijui. Lilikuwa kweli pia.

Hakujitetea. Aliomba jeki na spana za baba. Akajilaza chini kwenye matope, akaanza kufungua nati. Baba alitoka zizini, akaniangalia, akamwangalia, akaweka ndoo ya maziwa chini na kwenda kumshikia jeki. Nati zilikuwa zimeshika kutu ikabidi azipige kwa nyundo, na sauti ya nyundo ikaingia kila chumba cha nyumba yetu.

Mama aliniita.

"Umemwambia."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nani amepona?"

Alisikiliza nyundo, macho yake darini.

Walipomaliza, fundi alinawa kwa majivu, akaja mlangoni lakini hakuingia. Alisema ametoa. Alisema kama mama angeridhia, wangemzungusha kidogo tu, mpaka njia panda ya kanisa na kurudi, ili ajue kwa hakika. Nilitaka kusema amechoka. Mama aliniwahi. Alisema nimpe kitambaa chake cha kichwa, kile cha Jumapili.

Baba na fundi walimbeba kwenye blanketi, wakamkalisha mbele. Nilikaa katikati kama kawaida, na fundi akapanda nyuma akasimama ameshika paa, analowa. Tukaondoka. Gari lilishuka kwenye mfereji wa kwanza likapanda ng'ambo bila kelele, lilizama na kuinuka kama kifua cha mtu aliyelala. Jiwe lile kubwa la karibu na kisima nililiona likija, nikakaza mwili, na lilipita chini yetu nami nikalisikia kwa mbali sana. Baba alinitazama. Kwa mara ya kwanza lilikuwa ndilo gari nililoliomba.

Kwenye njia panda baba alisimamisha. Fundi aliruka chini, akaja dirishani, maji yakimtiririka usoni.

"Vipi, mama?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imezidi kuwa ndogo. "Niambie kweli."

"Ni laini," mama akasema. "Laini kabisa."

Fundi aliutazama uso wake, halafu akanitazama mimi, ili nimwambie kama ni kweli. Mimi nilikuwa nautazama uso ule ule. Ulikuwa umetulia. Hakuwa ameuma khanga. Huenda springi zilikuwa laini. Huenda lilikuwa jibu lile lile alilompa Soni. Huenda ganzi ilikuwa imeshafika mahali ambapo jiwe na lami ni kitu kimoja. Nilimtikisia fundi kichwa kwamba ndiyo, na baba akaanza kutafuta pa kugeuzia gari.